Nukta ya Loisi: Namba iliyochelewesha umeme wa Igunduli

Saa moja na robo asubuhi, Loisi Ndahani amepiga magoti kwenye sakafu ya banda la kukamulia alizeti katika Kijiji cha Igunduli, wilayani Chemba. Kwa kitambaa kilicholowa, anafuta mafuta na vumbi kwenye kibati kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa mota, kinachoonyesha nguvu yake.

"Soma wewe kwanza," anamwambia mwenye mashine, Halfani Issa.

"Saba nukta tano."

"Soma tena."

"Mama Elieth, ni saba nukta tano. Haijabadilika," Halfani anacheka.

Loisi anaandika 7.5 kwenye daftari lake. Chini ya tarakimu hizo anaandika tena kwa maneno, "saba na nusu", kisha anakipiga picha kibati chenyewe. Anasimama, anajipangusa magoti na kuendelea na maswali: mashine hii mpya itawashwa miezi gani, saa ngapi kwa siku, na siku ya mnada itakuwaje.

Loisi, 43, ni mkusanya takwimu katika kampuni ndogo ya ushauri wa nishati jijini Dodoma. Kazi yake ni kuhesabu. Anahesabu nyumba, mashine za kusaga, majokofu, saluni, misikiti, makanisa na madarasa. Kisha anaziingiza namba hizo kwenye programu ya kompyuta inayoonyesha kijiji kinahitaji paneli ngapi za jua, betri kiasi gani, au kama ni nafuu zaidi kusubiri nguzo za gridi ya Taifa.

"Ni kama kujenga kijiji cha majaribio ndani ya kompyuta," anaeleza. "Unaliwasha jua la mwaka mzima, saa kwa saa. Unawasha mashine za watu. Halafu unaangalia taa zinazimika lini. Zikizimika humo, hakuna aliyeumia."

Tabasamu lake linapungua kidogo anapoongeza: "Ila zikizimika huku nje, kuna mtu anaumia."

Mita zilipoacha kumhitaji

Loisi alizaliwa Mvumi, wilayani Chamwino, mtoto wa tatu kati ya sita wa wakulima wa uwele na karanga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2000. Miaka minne baadaye akapata kibarua cha kusoma mita za umeme Dodoma mjini.

Kwa miaka tisa alizunguka Makole, Chang'ombe na Area C akiwa na kalamu sikioni. Aling'atwa na mbwa mara mbili. Alijifunza kuijua nyumba kwa uniti zake kabla hajawaona wenyewe.

"Nilikuwa najua nani kanunua pasi mpya, nani mumewe karudi safari," anasema. "Umeme hauna siri. Unasema kila kitu mtu anachofanya ndani."

Mita za malipo ya kabla, ambazo wengi wanaziita luku, zilipoenea, kazi ikaisha. Mshahara wake wakati huo ulikuwa Sh180,000 kwa mwezi.

"Sikufukuzwa," anasema. "Mita ndizo zilizoacha kunihitaji."

Miaka iliyofuata aliuza uji na vitumbua karibu na stendi huku akimlea binti yake, Elieth. Mwaka 2017 kampuni anayofanyia kazi sasa ilikuwa ikitafuta watu wa kwenda vijijini kuuliza maswali kuhusu matumizi ya umeme. Walichukua watu kumi na wawili. Kazi ilipomalizika, mhandisi wa kampuni, Respicius Kamugisha, alimbakiza mmoja tu.

"Wengine waliniletea majibu," anasema Respicius. "Loisi aliniletea majibu na sababu zake. Nyumba moja alikuwa ameandika kwamba wana televisheni, lakini hawaiwashi kwa sababu wapo kwenye msiba. Nani huwa anaandika hivyo?"

Daftari la maneno

Wakati huo hesabu zote za kampuni zilifanywa kwa programu ya kulipia iliyokuwa kwenye kompyuta moja, ya Respicius. Leseni yake ilipaswa kulipiwa kila mwaka kwa dola. Mwaka 2019 biashara ilikuwa mbaya, leseni ikaisha muda, na mafaili ya vijiji vinane yakagoma kufunguka.

"Namba nilizozikusanya kwa miguu yangu zilikuwa humo ndani, na hatuwezi hata kuziona," Loisi anakumbuka. "Niliumia kuliko siku nilipong'atwa na mbwa."

Respicius akapakua programu huria. Programu ya aina hiyo haina leseni ya kulipia. Mtu yeyote anaichukua bure, na anaweza kufungua ndani akaona inavyopiga hesabu. Wataalamu wa nchi mbalimbali huiboresha, na wanaoitumia huweza kuweka mipango yao mtandaoni ili wengine waikague.

Tatizo lilikuwa lugha. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, kurasa zaidi ya mia tatu. Loisi aliazima kamusi ya binti yake na kuanza kuandika maelezo yake mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kila asubuhi kabla ofisi haijaanza kazi.

Kuna maneno yaliyomsumbua kwa wiki nzima. Umeme ambao watu wanautaka kwa wakati fulani, mafundi huuita mzigo. "Nikasema, bibi yangu akisikia mzigo atafikiria kuni. Nikaandika mahitaji."

Maelezo yale yakawa kitini cha kurasa 46. Respicius alimshauri akiweke mtandaoni, naye akakiweka pamoja na jina lake na namba ya simu kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa mwaka mzima hakuna aliyempigia.

Simu akiwa Mtumba

Mapema mwaka 2023 kampuni ilipewa kazi ya kuandaa mpango wa kituo kidogo cha umeme wa jua kwa ajili ya Igunduli. Kijiji hicho chenye watu wapatao 2,300 kipo mbali na nguzo, kinalima alizeti na kufuga, na maji yake yote yanatoka kwenye kisima kirefu kimoja. Pampu ya kisima hicho ilikuwa ikiendeshwa kwa jenereta ya dizeli.

Loisi alikaa kijijini siku tisa. Alirudi Dodoma, akaingiza namba, na kwa mara ya kwanza Respicius akamwachia afanye hesabu nzima peke yake. Mpango ukatoka: paneli za kilowati 40, na betri za kutosha kuwasha zahanati usiku kucha. Mfadhili aliukubali. Kama ilivyo kawaida ya kampuni, faili lote likawekwa mtandaoni.

Jumanne ya mwisho ya Machi, Loisi alikuwa ameketi mapokezi katika ofisi moja ya Serikali, Mtumba, nakala nne za mpango zikiwa mapajani, akisubiri kuitwa azikabidhi. Mipango hupokelewa huko kwa awamu, na mwisho wa awamu hiyo ulikuwa Ijumaa. Simu ikaita. Namba ilikuwa ngeni.

"Dada Loisi? Mimi naitwa Obedi Malogo, mwalimu wa fizikia huku Mvumi. Nafundisha kwa kitini chako."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Samahani kukusumbua. Nimewafungulia wanafunzi mpango wako wa Igunduli, tujifunzie. Kuna namba ya pampu imetushinda. Umeandika sifuri nukta hamsini na tano."

Mwalimu Obedi, 58, anakumbuka alivyomweleza taratibu, kama anavyoeleza darasani. Watu 2,300, kila mmoja na ndoo moja ya lita 20 kwa siku, ni lita 46,000. Kisima kina mita 110. Ili pampu yenye nguvu ndogo kiasi hicho iyapandishe maji hayo yote, ingehitaji kufanya kazi zaidi ya saa 50 kwa siku.

"Nikamwambia, dada, siku ina saa ishirini na nne," anasema mwalimu huyo. "Sikusema kwa kumkejeli. Nilidhani labda mimi ndiye nimekosea."

Loisi alifungua picha alizopiga kijijini. Akaikuta ya kibati cha pampu, akaivuta kwa vidole hadi maandishi yakajaa kioo. Kilowati 5.5.

Ilikuwa nukta. Aliisogeza nafasi moja alipokuwa akiandika, na pampu inayokula uniti 33 kwa siku ikawa inakula tatu tu.

"Nilikuwa bado naitazama ile picha," anasema. "Yule binti wa mapokezi akaniita, 'Mama wa Igunduli, karibu.' Nikamwambia, samahani mwanangu, bado. Nikatoka nje na makabrasha yangu."

"Nani mwingine anajua?"

Alirudi ofisini, akafungua kompyuta na kurekebisha namba. Kisha akaiacha programu ipitie mwaka mzima kwa kituo kilekile cha kilowati 40. Matokeo yalikuja baada ya dakika chache. Kati ya siku 365, siku 140 betri zingekuwa tupu kabla ya saa nne usiku. Zahanati ingekuwa gizani.

Aliingia ofisini kwa Respicius akiwa na karatasi hiyo.

"Aliisoma, akaiweka mezani. Akaniuliza, 'Nani mwingine anajua?' Nikamjibu, anajua mwalimu mmoja Mvumi, darasa lake zima, na mtu yeyote mwenye intaneti."

Respicius anakiri kwamba aliwaza njia ya mkato. Wangeweza kuiondoa pampu kwenye mpango, iendelee na dizeli. Kituo kingetosha, na mpango ungepokelewa kabla ya Ijumaa. Akamuuliza Loisi anaonaje.

"Nikamwambia, mhandisi, nilipokuwa kijijini, kitu cha kwanza wanawake walichoniuliza hakikuwa taa. Waliuliza, umeme ukija, ndoo ya maji itashuka bei? Niliwajibu ndiyo."

Njia ya pili ilikuwa kuongeza paneli hadi kilowati 49 na kuipangia pampu muda wa mchana, jua linapokuwa kali, ili betri ziachiwe usiku. Hesabu ilikubali. Lakini nyongeza hiyo ilihitaji kibali kipya cha mfadhili, na kibali kisingepatikana kwa siku tatu. Igunduli ingeikosa awamu ile.

Mkataba wa Loisi ulikuwa unaisha Juni. Elieth alikuwa kidato cha tano. Wakati huo Loisi alikuwa akilipwa Sh650,000 kwa mwezi, na hakuna mtu mwingine nyumbani mwenye kipato cha uhakika.

Hata hivyo waliichagua njia hiyo ya pili. Jioni hiyo, kwenye sehemu ya faili ambako kila badiliko huandikwa pamoja na jina na tarehe, aliandika sentensi mbili. "Namba ya pampu ilikuwa na kosa, kosa ni langu, Loisi Ndahani. Limegunduliwa na Mwalimu Obedi Malogo na wanafunzi wake." Respicius alizisoma, kisha akaongeza jina lake chini kama mtu aliyepitisha hesabu bila kuikagua.

"Yeye alikosea nukta," anasema Respicius. "Mimi nilitia sahihi bila kuiangalia. Nisingeweza kumwacha aandikwe peke yake."

Mkutano wa kijiji

Kampuni ingeweza kutuma barua. Loisi aliomba aende mwenyewe.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji alimkaribisha kwa makofi, kwa kuwa watu walidhani amekuja kutangaza tarehe ya kuanza ujenzi. Alisimama akasema umeme utachelewa. Akaeleza sababu.

"Nilisema, kosa si la kompyuta. Kompyuta ilipiga hesabu ya kile nilichoiambia."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Sasa tukupe nini, mama, makofi?" Wengine wakacheka. Yeye hakuwa akitania.

Aliyemwumiza zaidi ni Zuleha Hamisi, muuguzi wa zahanati. Alisimama na sare yake, akamtazama usoni.

"Mama Elieth, nina wajawazito kumi na wanne kwenye daftari langu. Nao niwaambie wasubiri nukta yako?"

Zuleha akaondoka kabla mkutano haujafungwa.

Waridi Juma, mwenyekiti wa kamati ya maji, ndiye aliyebaki kuuliza swali. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba pampu ingeingizwa kwenye umeme wa jua. Loisi alimwonyesha michoro miwili, wa kituo cha mwanzo na wa kituo kipya.

"Sikuelewa yote," anasema Waridi. "Nilielewa kwamba wa kwanza ungetuzimikia, na huu hauzimi. Nikawaambia wenzangu, huyu angeweza kunyamaza tukajengewa ule. Tungejua lini?"

Igunduli ilisubiri miezi saba hadi awamu iliyofuata. Katika miezi hiyo, Zuleha alizalisha kina mama 18 nyakati za usiku kwa mwanga wa tochi ya simu. Wote walitoka salama, ingawa mmoja alikimbizwa Chemba mjini kwa pikipiki.

Loisi anazifahamu namba hizo kwa sababu Zuleha alikuwa akimtumia ujumbe kila mtoto alipozaliwa. Ujumbe haukuwa na salamu. Ulikuwa na uzito wa mtoto na saa ya kuzaliwa.

"Nilitaka ajue," anasema Zuleha bila kuficha. "Nilikasirika, na hata leo nikiikumbuka ile miezi nakasirika. Lakini alijibu kila ujumbe. Hakuniambia pole hata mara moja. Aliandika, 'Nimepokea.' Nikaona huyu angalau habebi mambo juu juu."

Mkataba wa Loisi uliongezwa Juni hiyo. Mpango ulipita katika awamu iliyofuata, kituo kikajengwa na kuwashwa Septemba 2024. Siku hiyo Zuleha alimpigia simu badala ya kumwandikia. Jokofu la chanjo lilikuwa limewaka, na alitaka Loisi alisikie likinguruma.

Siku ya mnada

Saa tano kasoro asubuhi, ndani ya ofisi ya kijiji, Loisi anafungua kompyuta mpakato mezani. Halfani, Waridi na wajumbe wengine wanne wamesogeza viti. Swali la leo ni moja: je, kituo kinaweza kuibeba mashine mpya ya Halfani?

Anaingiza kilowati saba na nusu. Mwaka unapita kwenye kioo. Mistari miwili myekundu inatokea.

"Hapa inagoma," Loisi anaonyesha. "Pampu na mashine zikiwashwa pamoja saa sita. Halfani, ukamue asubuhi, saa mbili hadi saa tano."

"Siku nyingine sawa," anasema Halfani. "Siku ya mnada wateja wangu wanafika saa sita. Niwaambie warudi na alizeti yao?"

Wote wanatazama kioo. Kisha Waridi anainua mkono, kama yuko darasani.

"Tenki si kubwa? Siku moja kabla ya mnada tuache pampu iende mpaka jioni, tenki lijae. Siku ya mnada tusiwashe pampu kabisa."

Loisi anamtazama. Anabadilisha ratiba ya pampu, anabonyeza, na mwaka unapita tena. Mistari myekundu haipo.

"Hilo sikuwa nimelifikiria," anasema, na kwenye sehemu ya mabadiliko anaandika jina la Waridi Juma na tarehe ya leo. Waridi anaomba aone lilivyoandikwa. Analisoma mara mbili, kisha anataka kujua kama watu wa mbali nao wanaliona.

"Popote walipo."

"Basi ongeza na la babu, Ramadhani. Waridi Juma tupo wengi."

Kabla nguzo hazijafika

Leo kitini chake kinatumika katika shule tatu na chuo kimoja cha ufundi, kwa kadiri anavyojua. Mwalimu Obedi humkagulia kila mpango kabla haujatoka. Analipwa kwa soda, mwenyewe anasema.

Lakini kinachomshughulisha Loisi sasa ni nguzo. Mwezi uliopita mafundi wa gridi walionekana wakipima njia kilomita 14 kutoka Igunduli. Wanakijiji wana furaha na wana wasiwasi. Nguzo zikifika, kituo chao kitang'olewa? Kitaunganishwa kiuze umeme unaobaki? Bei itapanda au itashuka?

Ameanza kuijenga Chemba nzima ndani ya programu ileile, kijiji kwa kijiji, aone ni wapi nguzo zinafaa kwenda kwanza na wapi jua linatosha kwa miaka mingine kumi. Amemaliza vijiji 19. Hakuna aliyemtuma, na anaifanya kazi hiyo siku za Jumamosi.

Novemba anatarajia kuanza kuwafundisha watendaji wa kata na wajumbe wa kamati za maji, watu 12 kwa kuanzia, kwa kompyuta tatu za kuazima. Waridi amekwisha kujiandikisha, ingawa hajawahi kugusa kompyuta.

"Mimi nina miaka yangu ya kutembea, lakini haitoshi kuvifikia vijiji vyote," anasema Loisi huku akiikunja kompyuta. "Siku mhandisi atakapokuja hapa na mchoro wake, nataka amkute Waridi amekaa na wa kwake, amwambie, karibu mhandisi, keti tulinganishe."